Kiharusi cha Jirani Si Kiharusi Chako

Mtu akianguka na upande mmoja ukalegea, ushauri humfikia kabla ya gari. Mmoja anasema apewe aspirini mbili azitafune, maana ndizo zilizomwokoa shemeji yake. Mwingine amesoma kwenye WhatsApp kwamba vidole vyote kumi vitobolewe kwa sindano hadi vitoe damu. Wa tatu anafungua mkoba, anatoa kidonge chake mwenyewe cha presha na kutaka kiwekwe chini ya ulimi wa mgonjwa. Nia zao ni njema. Tatizo ni kwamba kila mmoja anamtibu mgonjwa mwingine aliyewahi kumwona au kusimuliwa, na huyu aliyelala sakafuni hajaulizwa lolote.

Kiharusi kiko cha namna mbili kubwa. Katika namna ya kwanza mshipa wa damu kichwani unaziba, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa. Katika namna ya pili mshipa unapasuka na damu inamwagikia ndani ya ubongo au pembeni yake. Ulaya na Marekani, zaidi ya viharusi 8 katika kila 10 ni vya kuziba. Kwetu Afrika vile vya kupasuka vina sehemu kubwa zaidi, na presha isiyotibiwa ndiyo inayovikuza. Kwa nje wagonjwa hawa wawili wanafanana kabisa: mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki. Hata daktari bingwa haamini macho yake hapo. Anataka picha ya CT Scan.

Na ni lazima aitake. Aspirini inamfaa aliyeziba mshipa, lakini aliyepasuka inamzidishia kutoka damu. Presha nayo ni vivyo hivyo. Mgonjwa wa kuziba mara nyingi huachwa na presha iliyo juu kiasi katika siku za mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayosukuma damu ifike kwenye sehemu ya ubongo iliyo katikati ya kufa na kupona. Mgonjwa wa kupasuka anahitaji ishushwe mapema, chini ya uangalizi. Sasa fikiria kile kidonge cha chini ya ulimi kimetolewa kabla ya kujua ni yupi kati ya hao wawili.

Ndiyo maana swali la "dawa ya kiharusi ni ipi" halijibiki. Yanayojibika ni matatu: kiharusi gani, kimempata nani, kimeanza saa ngapi. La kwanza ni la hospitali. Mawili yaliyobaki ni ya kwako wewe wa nyumbani, na daktari hana pengine pa kuyapata.

Kwenye swali la nani, tuanze na wengi, yaani watu wa presha. Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliohusisha nchi 32, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha mwaka 2016 kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa yanabeba karibu asilimia 90 ya hatari yote ya kiharusi. Presha ndiyo iliyoongoza. Hapa Tanzania, kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti waliandikisha wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai, Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, Hai walipata wagonjwa wapya kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walipata kama 316. Kiwango hicho cha Dar kilikuwa juu kuliko cha nchi nyingi tajiri.

Watu wa maeneo hayo mawili waliulizwa pia wanadhani kiharusi kinatoka wapi. Ungetarajia kijijini ndiko wataje uchawi. Ikawa kinyume: Dar es Salaam ndiko wengi walikotaja majini na kurogwa, wakati Hai walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Mimi simlaumu anayeita shehe au mchungaji aje kuomba. Dua inaweza kusomwa ndani ya gari linaloelekea hospitali. Ninayemgombeza ni yule anayesema tusubiri kwanza tuone kama ni vya kawaida au ni vya watu.

Turudi kwenye presha, kwa kuwa hapa ndipo maisha mengi yanapoweza kuokolewa kwa gharama ndogo. Presha haina dalili ya kuaminika. Ukisubiri kichwa kiume ndipo upime, unaweza kukaa miaka 15 na 180 kwa 110 ukiwa unacheka tu. Na ile hofu ya kwamba dawa za presha ukizianza huziachi imewaua watu wengi. Ni kweli kwamba wengi hawaziachi. Sababu ni kwamba presha yenyewe haiondoki. Vipimo vikiwa vizuri, maana yake dawa inafanya kazi, na ukiiacha siku hiyo unaanza upya. Kunywa dawa siku ya kliniki peke yake ili kipimo kimpendeze muuguzi ni kujidanganya.

Kuna jambo ambalo wagonjwa wachache huambiwa. Dawa za presha hazifanyi kazi sawa kwa watu wote. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 na kufanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulilinganisha dawa zinazotolewa mbili mbili. Mchanganyiko wenye amlodipini, iwe pamoja na haidroklorothiazaidi au pamoja na perindoprili, ulishusha presha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Kwa hiyo kama umetumia kidonge cha aina moja kwa miaka na presha bado iko 160, usikubali kuambiwa tu upunguze mawazo. Muulize daktari kama wakati wa kuongeza dawa ya pili umefika, na kama amlodipini ingekufaa. Usibadilishe mwenyewe dukani. Mwanamke anayetarajia kushika mimba amweleze daktari mapema, kwani dawa kama enalaprili, kaptoprili na losartani zina madhara kwa mtoto aliye tumboni.

Ukipima nyumbani, kaa kimya dakika tano, umeegemea, miguu iko chini, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu. Usipime ukiwa unaongea na simu. Andika namba kwenye daftari, maana daktari atajifunza mengi kwenye namba za wiki mbili kuliko kwenye moja aliyoichukua ukiwa umetoka kugombana na konda. Na chunguza unachokunywa kwa maumivu: diklofenaki, ambayo kwetu huuzwa kama pipi kwa magoti na mgongo, hupandisha presha.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, dagaa wa chumvi na vile vibonge vya supu. Nchini China, utafiti uliotolewa mwaka 2021 uliwapa watu waliowahi kupata kiharusi, au wazee wenye presha, chumvi ambayo sehemu yake ni potasiamu. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Chumvi ya namna hiyo ikikufikia ni nzuri, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo.

Sasa tuwatazame wale ambao kiharusi chao hakifanani na cha baba mwenye presha.

Mtoto mwenye selimundu (sikoseli) ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa kuwa kiharusi chake kinaweza kutabirika. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka. Bila kinga, karibu mmoja katika kila kumi wenye ile aina kali hupata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Kuna kipimo cha ultrasound kinachopitishwa pembeni ya kichwa kupima mwendo wa damu kwenye mishipa ya ubongo; hakina mionzi wala maumivu, na hupaswa kufanywa kila mwaka kuanzia umri wa miaka 2 hadi 16. Tangu 1998 inajulikana kwamba watoto ambao damu yao inakwenda kasi kupita kiasi wakiongezewa damu mara kwa mara, hatari hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Pale ambapo kuongeza damu kila mwezi hakuwezekani, dawa ya haidroksiurea imekuwa msaada mkubwa, na imejaribiwa kwa watoto wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola ikaonekana salama. Ukienda kliniki ya selimundu, kitaje kipimo hicho kwa jina la kazi yake: kupima mishipa ya kichwani. Na mtoto huyo akilegea mkono, tiba yake kuu ni kubadilishiwa damu. Zile dawa za kuyeyusha bonge la damu wanazopewa watu wazima hazimhusu. Jingine ambalo walimu hulikosa: mtoto wa selimundu aliyekuwa akifanya vizuri darasani, ghafla akawa msahaulifu na mzembe, anaweza kuwa amepata viharusi vidogo visivyolegeza kiungo chochote. Apelekwe apimwe kabla hajachapwa.

Mama aliyejifungua naye ana hatari yake. Tunamlinda sana hadi siku ya uchungu, kisha macho yote yanahamia kwa mtoto. Lakini wiki za kwanza baada ya kujifungua ni kipindi kibaya kwa ubongo wake, hasa kama alikuwa na presha ya mimba au kifafa cha mimba. Mzazi anayelalamika kichwa kikali kisicho cha kawaida, macho kuona maluweluwe, au anayepata degedege ndani ya arobaini, asiambiwe kwamba ni uchovu wa kunyonyesha. Presha ya 160 kwa 110 kwake ni dharura ya saa hiyo hiyo. Tanzania kuna usafiri wa dharura wa m-mama kwa namba 115, na huduma hiyo haikomi siku ya kujifungua. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba ajue pia kwamba hatari yake ya kiharusi miaka ya mbele ni karibu mara mbili ya mwenzake, hivyo apime presha kila mwaka hata akiwa na miaka 30. Na mwanamke mwenye presha, anayevuta sigara na amefika miaka 35, au mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, aseme hivyo kabla ya kupewa vidonge vya majira. Vyenye homoni ya estrojeni havimfai, na njia nyingine zipo.

Kwa kijana wa miaka 30 aliyepata kiharusi bila presha, mojawapo ya vipimo vya kwanza kwetu ni cha VVU. Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta VVU ndiyo sababu kubwa kuliko zote kwa wagonjwa wa umri mdogo. Hatari ilikuwa juu hasa miezi sita ya kwanza ya kuanza dawa, kwa wale walioanza kinga ikiwa imeshuka sana. Hiyo ni hoja ya kuanza mapema, wala isiwe kisingizio cha kuziacha ARV. Siku ya kliniki ya VVU (CTC) omba upimwe presha na sukari pia. Wapo walioshinda VVU kwa miaka 20 wakaangushwa na presha ambayo hakuna aliyeiangalia.

Kundi jingine ni la moyo. Mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu valvu za moyo. Moyo ukianza kupiga bila mpangilio, damu huganda ndani yake na bonge likasafiri hadi kichwani. Wagonjwa hawa hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi huichukia kwa sababu ya kuchomwa kila mara kupima INR, yaani jinsi damu inavyokawia kuganda. Wakisikia kuna dawa mpya zisizohitaji vipimo, huomba wabadilishiwe. Wasikimbilie. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa wagonjwa wa valvu wa aina hii hasa, ulionyesha kwamba waliotumia warfarini walipata viharusi na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroxaban, mojawapo ya dawa hizo mpya. Kwa mwenye moyo usio na mpangilio lakini valvu nzima, dawa mpya ni nzuri. Dada yako Uingereza anaweza kuwa anaitumia na imemkubali. Yeye si wewe.

Nikimtaja dada wa Uingereza, walio ughaibuni nao wasijione wamevuka. Kumbukumbu za wagonjwa za Kusini mwa London zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watu weusi hupata kiharusi wakiwa na umri mdogo kwa takriban miaka 10 kuliko wazungu. Faida yao ni moja: 999 au 911 inaleta gari. Wapige namba hiyo kabla ya kumpigia mama Tanga.

Wazee nitawasemea kwa ufupi. "Ameshakula chumvi nyingi, tumwache apumzike" si ushauri wa kitabibu. Tafiti za dawa ya kuyeyusha bonge zimeonyesha kwamba hata waliovuka miaka 80 hufaidika wakifika mapema.

Mapema ni lini? Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena kadiri inavyotangulia ndivyo inavyofaa. Kulivuta bonge kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja huweza kufanywa hadi saa 24 kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa kwa picha, lakini Afrika Mashariki ni hospitali chache sana zenye uwezo huo. Saa zinahesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama aliamka amepooza saa 12 asubuhi na alilala saa 4 usiku, daktari atahesabu kuanzia saa 4 usiku, labda awe na vipimo maalumu. Kwa hiyo aliyemwona mwisho ndiye apande gari, na abebe dawa zote za mgonjwa na kadi yake ya kliniki. Nimeona msafara wa watu saba ukifika hospitali, na mmoja anayejua habari ameachwa nyumbani kuangalia mifugo.

Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi fupi. Kimoja kikikataa, ondokeni. Mlazeni kwa ubavu kama anatapika au hajitambui. Asipewe maji, uji wala dawa mdomoni. Kama ni mwenye kisukari na kipimo kipo, pimeni sukari, kwani ikishuka sana huigiza kiharusi. Na mjue leo, kabla ya siku hiyo, ni hospitali gani ya karibu yenye CT Scan inayofanya kazi usiku. Zahanati ya jirani itawapotezea saa mbili kwa dripu.

Dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika 20, msishangilie. Hilo ni onyo; viharusi vinavyofuata mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza. Mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa anatembea kwa miguu yake.

Wengi watafika wamechelewa, au hospitali haitakuwa na dawa ya kuyeyusha bonge. Hapo familia hukata tamaa na kuomba ruhusa warudi nyumbani. Ni kosa kubwa, kwa kuwa uangalizi mzuri wa wodini huwasaidia wagonjwa wa aina zote mbili, wazee kwa vijana, waliozidiwa na wasiozidiwa. Kwa waliopasuka mshipa, utafiti wa INTERACT3 wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kushusha presha haraka, kudhibiti sukari na homa, na kuondoa nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa wanaozitumia huwapa matokeo bora. Nyingi ya nchi 10 zilizoshiriki ni za kipato cha chini na cha kati.

Sehemu ya uangalizi huo iko mikononi mwa ndugu. Uji wa kwanza unaoletwa kwenye chupa ya chai umewapa wagonjwa wengi nimonia: koo limelegea, uji unakwenda kwenye mapafu bila hata kikohozi. Muombe muuguzi ampime kumeza kwanza. Akishindwa, atawekewa mpira wa puani kwa muda. Ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Usimvute kwa mkono uliolegea unapomwinua, bega litateguka na maumivu yake hukaa miezi. Wala usimlazimishe kutembea sana siku ya kwanza ukidhani unamchangamsha. Mazoezi mazito ndani ya saa 24 yalijaribiwa na hayakusaidia. Kukaa kitako kwa vipindi vifupi kunatosha kuanzia, mengine mtaalamu wa viungo ataelekeza.

Kabla ya ruhusa, hakikisheni aina ya kiharusi imeandikwa waziwazi kwenye kadi, na mkae na picha za CT. Bila hiyo, kila daktari wa baadaye atakisia kama aendelee na dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa ya presha haina utata huo: ilithibitishwa mwaka 2001 kwamba hupunguza kiharusi cha pili kwa zaidi ya robo, iwe cha kwanza kilikuwa cha kuziba au cha kupasuka.

Nyumbani, mafanikio ya haraka huonekana miezi mitatu ya mwanzo, lakini viungo huendelea kujifunza hata baadaye. Takriban mmoja katika kila watatu hupata sonona. Anayekataa mazoezi, anayelia ovyo au kucheka msibani, hafanyi kusudi. Mpelekeni aonwe, sonona ina tiba. Aliyepoteza maneno hajapoteza akili, kwa hiyo msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Kama ni mtu wa lugha mbili, jaribuni zote. Wakati mwingine Kiswahili hukataa kabisa na lugha ya utotoni ikabaki, na mzee aliyekuwa kimya wiki nzima akamjibu shangazi yake aliyekuja kutoka Machame. Shangazi huyo aombwe akae, na yale maneno machache yanayotoka yawe ndiyo ya kuanzia mazoezi ya kuongea kila asubuhi, robo saa, redio ikiwa imezimwa.